Kamera ya Mchana na Kamera ya Usiku

Wawi ni mahali pa mashamba katika kisiwa cha Pemba, karibu na mji wa Chake Chake. Msimu wa karafuu ukifika, njia zote hunukia, maana karafuu huanikwa juani juu ya majamvi mbele ya nyumba, na kila mwenye mikono miwili hupata kazi, ama ya kuchuma, ama ya kuketi chini na kuchambua. Fedha za karafuu zikiisha kuingia mikononi mwa watu, ndipo harusi nazo huwa nyingi. Na siku hizi harusi nyingi hazifanywi bila ya mtu wa kupiga picha za video, ili jamaa walio mbali, Unguja au Dar es Salaam au Maskati, nao wapate kuona.

Basi harusi moja ina mianga miwili. Ndoa hufungwa alasiri msikitini, na wanaume wakitoka nje na kanzu zao nyeupe hukutana na jua kali linalowaka juu ya mchanga. Usiku wake wanawake hukusanyika uani au ukumbini kumtazama bibi harusi, na mwanga wao ni wa taa tatu nne zilizotundikwa juu ya kamba. Katika kikao hicho mpiga picha naye sharti awe mwanamke.

Mathalani, binti mmoja wa Wawi amemaliza masomo yake, akaona ya kuwa kazi hiyo itamfaa. Akanunua kamera ya video kwa fedha za kuchuma karafuu misimu miwili, pamoja na bei ya mbuzi wa mama yake. Kamera ikanunuliwa Darajani, mjini Unguja, katika duka lenye taa nyingi mno, nayo ikaonyesha picha safi kabisa. Juu ya sanduku lake palikuwa na namba kubwa iliyoandikwa kwa rangi nyekundu, na mwuzaji akaisoma namba hiyo mara tatu.

Harusi ya kwanza ikaja. Alasiri kaka yake alikwenda na kamera msikitini, akarudi na picha nzuri sana: kila mtu aliyetazama aliweza kuhesabu vifungo vya kanzu ya bwana harusi. Usiku binti akaishika mwenyewe. Kesho yake walipoiweka picha katika televisheni, ilikuwa chenga tupu. Hina ya mikononi haikuonekana. Uso wa bibi harusi ulikuwa kama kivuli kilichovishwa nguo nyeupe. Na bibi yake mzaa mama, aliyeletwa kutoka Wete kwa taabu kwa kuwa ni mzee sana, alikuwa doa jeusi katika kiti. Mwenye harusi hakusema neno baya. Alilipa nusu, akaondoka. Lakini kikao kile hakiwezi kufanywa tena.

Kamera haikuwa mbovu. Ilikuwa ni kamera ya mchana iliyopelekwa kazi ya usiku, na mtu akitaka kujua kwa nini mambo hayo ni mawili, hana budi kuanza na mwanga wenyewe.

Wataalamu hupima mwanga kwa kipimo kiitwacho luksi. Jua la saa sita, mbingu ikiwa safi, hutoa luksi 100,000 hivi. Chumba chenye taa usiku aghalabu kina luksi 50 au 100 tu. Mbalamwezi ya mwezi mpevu haifiki hata luksi moja. Maana yake, mtu akitoka juani akaingia katika ua wenye luksi 50, ameacha nyuma yake mwanga uliozidi ule mara elfu mbili. Walakini yeye mwenyewe hajui! Mboni ya jicho lake hutanuka, na nyuma ya mboni jicho lajizoeza giza kidogo kidogo, na akili humwambia ya kuwa taa zatosha. Jicho ni shahidi mwongo katika jambo hili. Kamera haina akili ya kujidanganya. Huandika kile kilichoifikia, na kama kilichoifikia ni kidogo, huandika kidogo.

Mwanga huingia katika kamera kwa kupita katika lenzi, nayo lenzi ina tundu linaloweza kufunguliwa na kufinywa kama mboni. Ukubwa wa tundu huandikwa hivi: f/1.8, f/2.8, f/4, f/8, na kadhalika. Hesabu hii huwababaisha wengi, maana namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Lakini mwanafunzi aliyejifunza sehemu hatababaika, kwa kuwa nusu ya mkate ni kubwa kuliko robo yake, ingawa 2 ni ndogo kuliko 4. Lenzi ambayo umbali wake wa fokasi, yaani umbali wa kukusanyia mwanga, ni milimita 50, ikiwa na tundu la upana wa milimita 25, ni f/2. Tundu likifinywa hata milimita 12.5, ni f/4. Upana umepungua kwa nusu, lakini eneo la tundu limepungua hata robo. Basi f/2 hupitisha mwanga mara nne ya f/4.

Tena kuna hila moja katika lenzi za kuvuta picha karibu. Nyingi huandikwa namba mbili, kama f/2.8–4.5. Namba ya kwanza ni ya lenzi isipovutwa. Ya pili ni ya lenzi iliyovutwa hata mwisho. Mpiga picha aliyesimama mlangoni mwa ua akamvuta bibi harusi karibu kwa lenzi amekwisha kupoteza zaidi ya nusu ya mwanga wake kabla hajaanza kazi. Afadhali angesogea kwa miguu.

Jambo la pili ni muda. Kamera ya picha za mnato, ikiwekwa juu ya kiti ikatulia, yaweza kuacha tundu wazi kwa sekunde moja, au mbili, au kumi, ikachota mwanga polepole kama mtu achotaye maji katika kisima kilichokauka. Ndiyo maana watu hupata picha nzuri za nyota. Kamera ya video haina nafasi hiyo. Huku kwetu hupiga picha 25 kila sekunde, na kila picha aghalabu hupewa sehemu moja ya hamsini ya sekunde ipate mwanga wake. Muda ukipita huo, ijapo giza limezidi, picha inayofuata imekwisha kuita. Kwa sababu hii kamera iliyosifiwa kwa picha za mnato usiku yaweza kushindwa kabisa katika video.

Jambo la tatu ndilo kubwa, wala halionekani kwa mtu atazamaye kamera kwa nje. Nyuma ya lenzi pana kibamba kidogo kiitwacho kihisi, ambacho hupokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme. Kihisi kimegawanyika katika vijumba vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni, viitwavyo pikseli. Sasa fikiri juu ya mvua. Mtu akitega kifuu cha nazi uani, na jirani yake akatega sinia, mvua ile ile kwa muda ule ule itampa mmoja maji ya kunawa kidole na mwingine maji ya kuoshea uso. Masika yakimwagika kwa nguvu, hata kifuu hujaa, na hapana tofauti kubwa. Lakini manyunyu yakiwa haba, mwenye sinia ndiye apataye kitu.

Vihisi navyo ni hivyo. Katika kamera nyingi ndogo za mkononi kihisi ni kama milimita 6 kwa milimita 4.6, yaani milimita za mraba 28 hivi. Kingine huitwa cha inchi moja, nacho ni milimita 13.2 kwa 8.8, mara nne ya kile cha kwanza. Kikubwa kiitwacho fremu kamili ni milimita 36 kwa 24, yaani milimita za mraba 864, zaidi ya mara thelathini. Mwanafunzi mwenye rula na akapime: kihisi cha inchi moja hakina inchi moja upande wowote! Jina hilo ni urithi wa kamera za zamani za televisheni, zilizokuwa na mirija ya kioo badala ya vihisi, na mrija wa upana wa inchi moja kwa nje ulikuwa na sehemu ndogo tu ya kupokea picha kwa ndani. Mirija imekwisha kuondoka, lakini jina limebaki madukani, na huwapotosha wanunuzi hata leo.

Kamera za mirija zilitaka mwanga mwingi kupita kiasi. Zanzibar ilipoanzisha televisheni yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambayo ilikuwa televisheni ya kwanza ya rangi katika Afrika kusini mwa Sahara, kamera za namna hiyo ndizo zilizotumika ulimwenguni kote, na studio ilikuwa mahali pa joto kwa sababu ya taa zake. Katika miaka hiyo hiyo mtengeneza sinema Stanley Kubrick alitaka kupiga picha watu walioketi chumbani kwa mwanga wa mishumaa peke yake. Hakupata lenzi ya sinema iliyofaa. Mwishowe alitumia lenzi za f/0.7 zilizofanywa na kiwanda cha Zeiss kwa ajili ya NASA, shirika la Marekani la safari za anga, na sinema ikatoka mwaka 1975. Kwa tundu kubwa namna hiyo waigizaji walipaswa kutulia sana, maana aliyeinamisha kichwa kidogo tu alitoka katika fokasi, uso wake ukawa ukungu.

Sasa chenga hutoka wapi? Kihisi kisipopata mwanga wa kutosha, kamera hujaribu kujisaidia kwa kukuza umeme ule mdogo. Ni kama mtu asikilizaye stesheni ya mbali katika redio: akizungusha sauti ipande, habari hupanda, lakini na mkwaruzo nao hupanda pamoja nayo. Mkwaruzo wa picha ndio chenga. Kukuza huko huandikwa kwa namba za ISO, 100, 200, 400, na kupanda, au kwa desibeli. Na kila desibeli 6 huzidisha nguvu mara mbili. Kamera yenye kihisi kidogo huanza kuonyesha chenga mapema. Yenye kihisi kikubwa hustahimili.

Ndipo yafaa kurudi katika ile namba nyekundu juu ya sanduku. Ilikuwa hesabu ya pikseli. Watu hudhani ya kuwa pikseli zikiwa nyingi picha huwa bora, na wauzaji hawana haraka ya kuwasahihisha. Lakini picha ya video iitwayo HD ina pikseli 1,920 kwa 1,080, ambazo ni milioni mbili na kitu. Ile kubwa zaidi, iitwayo 4K, ina 3,840 kwa 2,160, yaani milioni nane na kitu. Zaidi ya hizo televisheni nyingi hazina mahali pa kuziweka. Tena kihisi kidogo kikigawanywa katika pikseli nyingi, kila kijumba huwa chembamba mno, kikapata tone dogo la mwanga. Mwaka 2013 kampuni ya Sony ilitoa kamera ya fremu kamili, Alpha 7R, yenye pikseli milioni 36. Mwaka uliofuata ikatoa nyingine, Alpha 7S, yenye kihisi cha ukubwa ule ule lakini pikseli milioni 12 tu. Mtu asiyejua angeicheka. Kumbe hiyo ya pili ndiyo iliyosifiwa na wapiga video kwa kazi za gizani.

Je, basi kila mtu anunue kamera ya kihisi kikubwa, mambo yaishe? La. Mchana una taabu zake.

Katika vijiji vya Pemba, kama Kengeja, kuna mchezo wa ng'ombe. Fahali hufungwa kamba, na vijana humchokoza kwa nguo na kumkwepa, na wanawake huimba, wala fahali hauawi. Mchezo huu ni wa mchana mweupe. Mwenye kamera kubwa ya usiku akija hapo na tundu lake la f/1.8, mwanga humfurikia. Kwa jua kali, ISO 100, na muda wa sehemu moja ya hamsini ya sekunde, tundu linalotakiwa ni f/22. Lenzi nyingi zikifinywa hivyo picha hulegea, kwa kuwa mwanga upitao katika tundu jembamba mno hutawanyika. Kamera ikiachiwa ijiamulie, hupunguza muda, hata sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde. Hapo kila picha peke yake huwa kali kama wembe, lakini zikifuatana, fahali haonekani kukimbia. Huonekana akirukaruka kama kitu kilichokatwa vipande.

Dawa yake ni kioo cheusi kiwekwacho mbele ya kihisi, kama miwani ya jua. Kamera za video za wenye kazi mara nyingi huwa na vioo hivyo ndani, na mtu huvigeuza kwa kidole: kimoja hupitisha robo ya mwanga, kingine sehemu moja ya 16, kingine sehemu moja ya 64. Kwa kile cha 64, tundu la f/22 hugeuka kuwa f/2.8, na muda hubaki ule ule uliotakiwa. Asiye na kioo cha ndani aweza kununua cha kufunga mbele ya lenzi, walakini katika vumbi la uwanja wa ng'ombe kufunga na kufungua si kazi nyepesi.

Jambo jingine ni fokasi. Kihisi kikubwa na tundu kubwa hutia ukungu vyote vilivyo mbele na nyuma ya kile kilichopigwa. Kwa bibi harusi aliyeketi hilo ni pambo, maana yeye hung'aa na ukuta nyuma yake hulainika. Kwa fahali ni hasara tupu: akipiga hatua mbili amekwisha kutoka, na mpiga picha abaki akimtafuta. Kamera yenye kihisi kidogo huona sawasawa fahali, na kijana, na wazee walioketi chini ya mwembe. Tena lenzi yake yaweza kuvuta mara ishirini na bado ikaingia mfukoni, na lenzi ya kuvuta hivyo kwa fremu kamili ingekuwa nzito kama mchi wa kinu, kama ingepatikana. Mwenye kamera ndogo aweza kusimama mbali na pembe za fahali, jambo lisilo dogo.

Na kamera nyingi za picha za mnato zilizotengenezwa miaka ya 2010, ambazo watu huzipenda kwa video, zilikomesha kazi zikikaribia dakika 30, hata bibi harusi awe ndiyo kwanza anaingia. Na nyingine hupata joto juani zikazimika zenyewe. Mnunuzi na aulize habari hiyo mapema.

Mahali ambapo mambo yote mawili hukutana ni Kidike, safari fupi kaskazini mwa Chake Chake. Hapo hulala popo wakubwa wa Pemba, ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani kwa asili. Mabawa yao yakikunjuliwa hupita upana wa mita moja na nusu. Zamani waliwindwa sana kwa ajili ya nyama, hata mnamo mwaka 1989 ilidhaniwa ya kuwa wamekaribia kwisha. Kisha wanakijiji wa Kidike na wengineo wakasaidiwa kuwahifadhi, na baada ya miaka ishirini hivi wakahesabiwa katika kisiwa kizima na kupita 20,000. Mgeni ajaye adhuhuri huwaona wananing'inia katika matawi ya juu, nyuma yao mbingu nyeupe. Hapo kamera yoyote yatosha kwa mwanga, lakini kamera iliyoachwa ijiamulie hupima mbingu, ikaona mwanga ni mwingi, ikafinya tundu, na popo wakawa matambara meusi yasiyo na macho. Sharti mtu aiongoze mwenyewe, afungue tundu hata manyoya yao mekundu yaonekane, na mbingu iungue, kwa kuwa hakuja kupiga picha ya mbingu.

Lakini wanaporuka kwenda kutafuta chakula ni baada ya jua kuchwa, na Pemba iko karibu na mstari wa ikweta, ambapo jua huzama wima na giza huingia upesi. Jua likichwa kuna luksi 400 hivi. Dakika ishirini na kitu baadaye zimebaki kama tatu. Katika dakika hizo chache mwenye kihisi kidogo hufunga mkoba wake, na mwenye fremu kamili na lenzi ya f/1.8 ndiye abakiye. Usiku ukiisha kuwa mzito hata yeye hashindi. Wale wapigao picha za bundi mdogo wa Pemba msituni Ngezi huweza kutumia taa za miali isiyoonekana kwa jicho la mtu, na kamera zilizofanywa kuiona miali hiyo, lakini picha yake haina rangi za kweli, na hapana bibi harusi apendaye kuonekana hivyo.

Na sasa taa zenyewe. Tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme kutoka Tanga kwa waya mkubwa uliolazwa chini ya bahari. Kabla ya hapo ulitoka katika majenereta ya dizeli. Umeme huo hubadili mwendo wake mara 50 kila sekunde, na taa nyingi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, kwa upesi ambao jicho haliwezi kuufuata. Kamera huufuata. Ikiwekwa sehemu moja ya hamsini au moja ya mia ya sekunde, hupatana na taa. Ikiwekwa sehemu moja ya sitini, kama ilivyo desturi Marekani, ambako umeme ni wa mara 60, mistari ya giza hupita juu ya picha kama mawimbi. Wengi hurudisha kamera dukani kwa kosa hili, na kumbe ndani yake kuna mahali pa kuchagua 50 au 60.

Habari ya nyuso nayo isisahauliwe. Katika miaka ya filamu za rangi, kampuni ya Kodak iliwapa wasafishaji picha kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, ili wasawazishe rangi kwa kumtazama yeye. Nyuso nyeusi zilizokaa karibu na nyeupe zikapotea gizani kwa miaka mingi, na watu weusi wakaambiwa ya kuwa hawatoki vizuri katika picha. Kamera za siku hizi zina uwezo mkubwa kuliko filamu hizo, lakini mfano wa nguo nyeupe na uso mweusi chini ya taa ungali ni mtihani. Anayenunua kamera na aijaribu kwa nyuso za watu atakaowapiga, si kwa maua ya plastiki yaliyowekwa juu ya meza ya duka.

Yule binti hakuyajua haya yote kwa siku moja. Alikwenda kwa mjomba wake, fundi wa redio na televisheni Chake Chake, akamkuta amefungua mgongo wa televisheni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na ile kamera yako?"

Mjomba akaitazama, akasoma maandishi ya lenzi kwa miwani yake, akasema, "Kihisi chake ni kama ukucha wa mtoto. Wewe uliipima wapi?"

"Dukani, mjomba, chini ya taa."

"Basi duka lilipimwa, kamera haikupimwa."

Msimu uliofuata akaenda tena Darajani, na mara hii alifuatana na shangazi yake, mwenye hina mikononi. Hakuuliza pikseli. Aliuliza ukubwa wa kihisi, na tundu la lenzi ikiwa imevutwa na isipovutwa, na kama kamera yaweza kuendelea saa nzima bila kusimama. Kisha akaomba ruhusa, akamketisha shangazi yake chini ya ngazi, nyuma ya masanduku, mahali penye balbu moja tu, akampiga kwa kila kamera muda wa dakika moja: uso, mikono, na buibui lake jeusi. Mwuzaji akacheka, lakini hakukataa. Picha zikatazamwa katika televisheni kubwa, si katika kioo kidogo cha kamera, maana katika kioo kidogo chenga hujificha.

Fedha hazikutosha fremu kamili. Akachukua kamera iliyotumika, ya kihisi cha inchi moja, yenye lenzi ya f/1.8 na vioo vyeusi vitatu ndani. Na fedha zilizobaki akanunua taa mbili za kusimamisha, na kitambaa cheupe cha kuzifunika ili mwanga wake ulainike. Mama yake aliona taa ni ubadhirifu. Lakini taa mbili zilizowekwa mbele ya bibi harusi, kila upande moja, zaweza kuongeza luksi 50 kuwa 200, na hapana lenzi ya bei hiyo iwezayo kuleta mara nne.

Katika harusi yake ya kwanza na kamera hiyo, aliwaomba wenyeji wahamishe kiti cha bibi harusi, kwa maana kilikuwa kimewekwa mbele ya taa, na taa ikimulika kamera badala ya uso. Wanawake wakanung'unika kidogo kwa sababu mapambo yalikuwa yamekwisha kufungwa, kisha wakakibeba kiti wote pamoja wakakigeuza. Kamera ya zamani hakuiuza. Kaka yake huichukua kwenda nayo Kengeja kwenye mchezo wa ng'ombe, na huko hurudi nayo na picha nzuri.